Harusi za Usiku na Lenzi Zinazoona Gizani

Nyanya yangu aliolewa mwaka 1958, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Nikaha ilisomwa baada ya sala ya isha, na shughuli ya wanawake ikaendelea uani mpaka karibu na alfajiri, chini ya karabai mbili zilizoazimwa kwa jirani. Picha ya harusi yake ipo ukutani kwetu hadi leo. Amesimama kando ya babu, ameshika mkoba ambao si wake, na nyuma yao kuna pazia lililochorwa nguzo na bustani ya Ulaya. Ukimsifia picha ile, anakukatiza: "Hiyo si harusi yangu. Hiyo ni siku tuliyokwenda studio."

Picha ilipigwa wiki mbili baada ya harusi, saa nne za asubuhi. Nguo zilitolewa tena sandukuni, wanja ukapakwa upya, na wawili hao wakatembea hadi mjini kwenda kujifanya maharusi mbele ya taa za fundi. Usiku wenyewe, ule wa karabai, haukuacha hata picha moja.

Kwa miaka mingi nilidhani sababu ni haya tu, au labda pesa. Nilipoanza mwenyewe kazi ya kupiga picha za harusi ndipo nilipoona kwamba kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja nyumbani. Kamera ya wakati ule, mbele ya mwanga wa karabai, ilikuwa kama kipofu.

Nyanya hakuwa peke yake. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840, mwaka mmoja tu baada ya uvumbuzi wa picha kutangazwa Paris. Harusi yake ilichorwa kwa brashi na rangi. Picha ya kamera inayomwonyesha yeye na mumewe Albert katika mavazi ya fahari, ambayo watu wengi huichukulia kuwa ya harusi, ilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854. Kufikia hapo walikuwa wameoana miaka 14 na wana watoto wanane. Kwa hiyo malkia na nyanya yangu, pamoja na umbali wote ulioko kati yao, wana jambo moja la kufanana: picha zao ni za kumbukumbu ya harusi, si za harusi.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuizungumzie lenzi kidogo. Lenzi ni dirisha, na dirisha pana huingiza mwanga mwingi. Mafundi huupima upana huo kwa namba ya f, ambayo ni urefu wa fokasi ya lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu lake. Namba ikipungua, tundu limepanuka. Ukitazama f/2.8 na f/1.4 kwenye sanduku dukani huenda ukaona tofauti ni ndogo. Kumbe tundu la f/1.4 ni pana mara mbili, na kwa kuwa ni duara, eneo lake ni mara nne. Mwanga unaoingia ni mara nne pia. Ukumbi uleule, bibi harusi yuleyule, lakini lenzi moja inaona mara nne zaidi ya nyingine.

Lenzi za kamera za mwanzo zilikuwa na tundu dogo la kiasi cha f/15, na mtu alilazimika kukaa juani kimya kwa dakika kadhaa ili sura yake ishike kwenye bamba. Mwaka 1840, mwaka uleule wa harusi ya Victoria, profesa wa hesabu huko Vienna aliyeitwa Joseph Petzval alipiga mahesabu ya lenzi mpya ya f/3.6, na kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Iliingiza mwanga zaidi ya mara 15 kuliko zile za awali. Dakika zikawa sekunde. Hapo ndipo biashara ya studio za picha za watu iliposhika kasi duniani, na ndani ya miongo michache ikafika pwani yetu. Zanzibar ilikuwa na studio ya familia ya Gomes, na baadaye Coutinho, ambao walifanya kazi Mombasa pia.

Lakini angalia: hata Petzval hakuleta usiku ndani ya picha. Studio zilijengwa ghorofa za juu zenye madirisha makubwa, au paa la kioo, ili kuvuta jua. Harusi ya usiku ilibaki nje ya kamera.

Walioshindwa kuongeza tundu waliongeza moto. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitangaza unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali nyingine, unaolipuka kwa mwanga mkali mara moja. Mwaka uliofuata Jacob Riis aliutumia mjini New York kupiga picha za vyumba vya giza walimolala wahamiaji maskini, na mwenyewe aliandika kwamba aliwahi kuwasha moto nyumba za watu kwa unga ule, na safari moja akajiunguza mwenyewe. Moshi ulijaa chumba, watoto wakalia, majivu meupe yakawaangukia watu vichwani. Hebu fikiria unga huo uani Kibokoni, au chini ya paa la makuti. Hakuna shangazi ambaye angekubali.

Kuanzia mwaka 1929 zikaja balbu za fleshi, salama zaidi, lakini kila balbu iliwaka mara moja tu kisha ikatupwa. Kwa hiyo mwaka 1958 fundi mwenye pesa na balbu za kutosha angeweza kupiga picha harusi ya nyanya. Sababu za kukosekana picha zilikuwa mbili basi, si moja. Ya kwanza ni mwanga na gharama yake. Ya pili ni mlango. Mafundi wa picha wa Mombasa walikuwa wanaume, na uani kwa wanawake mwanamume hakuingia. Wanawake walivua mabuibui yao mlangoni, wakabaki na nguo, dhahabu, asumini na sauti zao. Kilichofanyika ndani kilibaki ndani.

Ndiyo maana studio zilipendwa sana pwani. Studio ilikupa nafasi ya kuamua uonekane vipi, na nani, na lini. N. V. Parekh alikuwa na studio Mombasa tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980, na picha za wachumba na maharusi alizopiga zimehifadhiwa na kuoneshwa hadi ng'ambo. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, bingwa wa kukata na kuunganisha picha hata mtu akaonekana pahali ambapo hakuwahi kusimama. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2013, kuhusu jinsi watu wa pwani walivyoipokea kamera huku wakiiwekea mipaka. Hawakuikataa. Walitaka tu neno la mwisho liwe lao.

*

Sasa turudi Ujerumani kidogo, kwa sababu huko ndiko kulikozaliwa ile aina ya lenzi ninayobeba kila Ijumaa usiku.

Mwaka 1924 kampuni ya Ernemann ya Dresden ilitoa kamera ndogo iliyoitwa Ermanox, yenye lenzi ya f/2, na baadaye f/1.8. Aliyeibuni lenzi hiyo ni Ludwig Bertele, kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupiga picha ndani ya nyumba usiku, kwa taa za kawaida, bila unga wala balbu. Aliyeifanya ijulikane ni Erich Salomon, Myahudi wa Berlin aliyesomea sheria. Kuanzia 1928 aliingia mahakamani, ambako kupiga picha kulikatazwa, kamera yake ameificha, safari moja ndani ya kofia. Baadaye akaingia kwenye mikutano ya wanasiasa, akawapiga picha wakipiga miayo na kunong'onezana usiku wa manane. Waziri mmoja wa Ufaransa akawa anamtania kwamba mkutano usiokuwa na Salomon si mkutano. Salomon aliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Nimelitaja hili kwa makusudi. Lenzi pana haikutengenezewa harusi. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na kuwapiga picha watu wasiojua kwamba wanapigwa. Mbele ya unga wa magnesiamu hakuna aliyeweza kusema hakuona. Fleshi ni jeuri, inaumiza macho, lakini angalau inabisha hodi. Lenzi ya Salomon haikubisha.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Bertele alihamia Zeiss na mwaka 1932 lenzi yake ya f/1.5 ikatoka pamoja na kamera ya Contax. Mwaka 1954 Kodak ilileta filamu ya Tri-X kwa kamera za milimita 35, filamu ya kasi ambayo waandishi wa habari waliitegemea kwa miongo. Mwaka 1975 Stanley Kubrick alitoa filamu yake ya Barry Lyndon, ambamo watu wanacheza kamari kwa mwanga wa mishumaa mitupu, akitumia lenzi za Zeiss za f/0.7 zilizotengenezwa awali kwa ajili ya NASA. Watu wa sinema bado wanazizungumzia.

Mombasa hatukuwa na lenzi za NASA. Mama yangu aliolewa 1984, ukumbini, stima ikiwepo, na picha za ndani zilipigwa na binamu yake wa kike kwa kamera ndogo yenye fleshi. Albamu ninayo. Karibu kila picha ina kasoro ileile. Aliye mbele amepigwa na mwanga hadi akapauka, na walioko nyuma yake wamezama gizani, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Hiyo si bahati mbaya. Mwanga wa fleshi hupungua upesi: ukienda umbali mara mbili, unaobaki ni robo. Aliye mita mbili anapata wa kutosha, aliye mita nne anapata robo yake, na nyanya aliyekaa mita nane ukutani akapata moja ya kumi na sita. Katika albamu ya harusi ya mwanawe wa pekee, nyanya ni kivuli chenye bangili.

Kuna jambo la pili katika albamu ile. Gauni la mama ni jeupe, mama ni mweusi, na filamu haikuweza kuwatosheleza wote wawili. Gauni linang'aa hadi nakshi zake zimepotea, na uso una rangi ya matope. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, amechunguza chanzo cha jambo hili. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Ngozi nyingine zote zilisafishwa kwa kipimo hichohicho. Kwa mujibu wa utafiti wake, malalamiko yaliyoisukuma Kodak irekebishe filamu zake hayakutoka kwa watu weusi. Yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri kwenye matangazo.

Mama hajui habari za Shirley. Anachosema akifungua albamu ni kwamba siku ile hakupambwa vizuri. Miaka arobaini anamlaumu mpambaji.

*

Kazi hii niliianza 2011 kwa kamera ya mitumba na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18 hadi 55, f/3.5 hadi f/5.6. Harusi yangu ya kwanza ya malipo ilikuwa kanisani, jioni, mvua inanyesha, na padri akatangaza kabla ya misa kwamba hataki fleshi. Nikavuta lenzi hadi mwisho ili niwafikie maharusi, tundu likajifunga hadi f/5.6, na kamera ikaanza kupiga kwa moja ya kumi na tano ya sekunde. Mtu akipumua tu kwa kasi hiyo, picha inatikisika. Niliporudi nyumbani nilikuta pete inavishwa na mkono wa moshi. Nilirudisha nusu ya malipo, na nusu niliyobaki nayo nikaenda kununua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8.

Kati ya f/5.6 na f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Ile moja ya kumi na tano ya sekunde inakuwa moja ya mia moja na hamsini, na mkono wa bwana harusi unatulia. Kwa karibu kampuni zote hiyo ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko zote za tundu pana. Kijana akiniuliza leo anunue nini kwanza, namwambia hiyo, na abaki na kamera yake ya zamani. Lenzi inadumu, kamera zinapitwa.

Na kweli kamera zimepitwa haraka. Nikon D3 ya 2007 na Canon 5D Mark II ya 2008 zilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 25,600 bila picha kuharibika kabisa. Sony A7S ya 2014 ilifika 409,600. Filamu aliyotumia binamu ya mama ilikuwa ya 100 au 200. Kwa hiyo leo naweza kusimama kwenye ukumbi ambao jicho langu mwenyewe linaparamia viti, na kamera ikaona nyuzi za shela.

Mkoba wangu wa sasa una kamera mbili, kila moja na nafasi mbili za kadi, maana kadi ikifa na harusi nayo imekufa. Kamera moja ina lenzi ya milimita 35 f/1.4, ya vyumba vyembamba vya Mji wa Kale ambako mgongo wako uko ukutani tayari. Nyingine ina milimita 85 f/1.8, ya nyuso. Lenzi ya kuvuta ya 24 hadi 70, f/2.8, naitumia mchana au mambo yakienda mbio. Ile ya 70 hadi 200 f/2.8 ni nzuri kanisani, lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na kufikia saa sita za usiku bega linakuuliza ulikuwa na haja gani.

Tundu pana lina deni lake. Ukiwa na milimita 85 kwenye f/1.4, mita mbili kutoka kwa bibi harusi, kinachoonekana vizuri ni kina cha sentimita nne au tano tu, upana wa vidole vitatu. Jicho la karibu liko sawa, sikio limeshayeyuka. Ukitaka maharusi wote wawili wawe safi wasipokuwa sambamba, funga hadi f/2.8 na ulipie kwa ISO. Taa za LED za kumbi nazo zina wazimu wao. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi hupepesa mara 100, na ukipiga kwa kasi isiyopatana nazo unapata mistari ya giza kwenye picha. Jaribu moja ya mia, au moja ya hamsini kama watu wametulia.

Na gauni jeupe bado lina ujanja wake. Kamera hutaka kila kitu kiwe cha wastani, kwa hiyo ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Pima mwanga kwenye shavu la bibi harusi, si kwenye gauni. Kamera za siku hizi zina nafasi ya kubeba vyote viwili ukiwa makini. Kila ninapofanya hivyo nakumbuka albamu ya mama.

*

Mwaka 2016 nilipiga picha za kupamba ukumbi mmoja hapa Mombasa. Kwa msiokujua kupamba: ni usiku wa wanawake, bibi harusi anakaa jukwaani aonwe, na wageni huja bila mabuibui, kila mmoja na uzuri wake. Mlangoni simu zilikusanywa na kutiwa kwenye mifuko yenye namba. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke na nimelipwa, niliruhusiwa kuingia na kamera. Sikutumia fleshi. Nilijivunia hilo. Niliona fleshi ni ushamba, inaharibu mwanga wa ukumbi.

Nilimpiga bibi harusi akicheka. Nyuma yake, mita tano hivi, mama mmoja wa makamo alikuwa akicheza chakacha, nywele wazi, mikono juu, furaha tupu. Lenzi ilikuwa ya milimita 35, kwa hiyo nyuma hakukuyeyuka vya kutosha. Niliiona ni picha bora ya usiku ule. Nikaitia pamoja na nyingine nilizokabidhi. Jamaa mmoja wa bibi harusi akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kutoka hapo ikaenda kusikojulikana.

Yule mama alikuja kwangu baada ya wiki tatu. Nilimwamkia, akaniitikia, akakaa. Hakupiga kelele. Kelele zingekuwa afadhali.

"Mwanangu, tangu nina miaka kumi na tatu hakuna mwanamume asiye wangu aliyeniona nywele," alisema. "Sasa wenye kuuza samaki sokoni wameniona nikicheza."

Nikamwambia sikukusudia, na kwamba ukumbini watu wote walijua kuna mpiga picha.

"Nilijua yupo. Lakini ningejuaje kama wanipiga mimi? Hukuwasha taa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilifuta picha kwangu, nikampigia kila niliyeweza kumpigia, na sote wawili tulijua haitatosha. Mpaka leo hatuhudhurii harusi moja. Nikisikia yupo, namtuma mwenzangu.

Neno lake ndilo lililonirudisha kwenye historia hii. Nilikuwa nikiisoma kama hadithi ya ushindi: Petzval, kisha Bertele, kisha Kubrick, kila mmoja analisukuma giza nyuma kidogo, hadi mimi na lenzi yangu. Sikuwahi kujiuliza giza lile lilikuwa linamfunika nani. Uani kwa nyanya, giza lilikuwa sehemu ya ukuta. Waliopo kwenye mwanga wa karabai walijua wanaonekana, na waliotaka kukaa pembeni walikaa pembeni. Kamera inayoona pembeni bila kuwasha taa imeubomoa ukuta ule, na hakuna aliyesikia tofali likianguka.

Siku hizi kazi ya usiku wa wanawake naifanya hivi. Nasimamisha taa mbili ndogo za rangi ya joto karibu na jukwaa, ingawa kamera yangu haizihitaji. Mwenye shughuli anatangaza kwenye kipaza sauti: aliye ndani ya mwanga huu anaweza kutokea pichani, aliye nje hapigwi. Kamera zangu zinaweza kupiga bila sauti yoyote. Sauti nimeiwasha. Natumia milimita 85, nyuma ya bibi harusi pakayeyuka, lakini siitegemei lenzi peke yake, maana ukungu si buibui: watu wa nyumbani wanamjua mtu kwa rangi ya dera na namna ya kuinua mkono. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi natazama nyuma ya kila picha, moja baada ya nyingine. Picha anapewa bibi harusi mkononi, na sizipandishi mtandaoni. Nimepoteza wateja kwa hilo, wanaotaka kuona kazi zangu kwanza. Nawaonyesha maua na mikono yenye hina.

Wenzangu wa Nairobi hunicheka kidogo. Wanasema ninanunua lenzi za maelfu ya shilingi za kuona gizani, halafu nawasha taa. Kweli ni kichekesho.

Mwaka jana nilikaa na nyanya barazani, picha yake ya studio iko juu yetu ukutani. Nikamuuliza kama angependa niwepo usiku ule wa 1958 na vifaa nilivyo navyo sasa. Nilitarajia aseme hapana, na kwa kweli nilitaka aseme hapana, ili niwe na la kuandika.

Alifikiri. "Mimi ya nini? Mimi nipo, waniona. Ungempiga picha mama yangu."

Mama yake ndiye aliyekaa na karabai usiku kucha, akizipampu kila zilipofifia. Alifariki miaka mitatu baadaye. Hakuna picha yake hata moja, ya studio wala ya kitambulisho. Aliyebaki duniani anayeijua sura yake ni nyanya peke yake.

"Angekubali?" nilimuuliza.

"Wapi! Asingekubali." Akacheka, kisha akajifunga leso yake vizuri. "Lakini ungemwomba."